Je, Ukiomba Ufadhili Unajiharibia Nafasi ya Chuo?

MASWALI YA WASOMAJI

Tangu matokeo ya kidato cha sita yatangazwe, barua nyingi zinazofika katika safu hii kutoka Nyanda za Juu Kusini zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: mwanafunzi akiomba kulipiwa masomo, je, chuo kitamhesabu kuwa mzigo na kumnyima nafasi? Nimechagua barua tano. Majina nimeyaacha, kwa sababu waandishi kadhaa wameeleza mapato ya nyumbani kwao, na hayo si ya kutangazwa.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza kidato cha sita katika tahasusi ya PCM na nimepata daraja la kwanza, pointi 4. Mwaka huu nataka kuomba vyuo vya Marekani. Kwenye fomu ya udahili kuna swali linalouliza kama nitahitaji msaada wa fedha. Baba mdogo, ambaye ndiye aliyenisomesha, anasema nijibu "hapana", kwa sababu chuo kikiona mtu anaomba fedha kabla hajaingia kinamweka pembeni. Niingie kwanza, fedha tutazitafuta nikiwa ndani. Rafiki yangu naye anasema nikiomba ufadhili wa ufaulu ndipo watakaponiona mtu wa maana. Nimsikilize nani? (Binti wa Uyole, Mbeya)

JIBU: Marahaba, binti yangu, na hongera. Baba yako mdogo hajakosea kabisa, na rafiki yako vilevile hajakosea kabisa. Kinachowagonganisha ni kwamba wanazungumzia vitu viwili ambavyo sisi kwa Kiswahili tumevipa jina moja la ufadhili. Kuna fedha ambazo chuo humpa mwanafunzi kwa sababu ya alichonacho, yaani alama zake, kipaji chake au uongozi wake, na hizo nitaziita ufadhili wa sifa. Kuna fedha nyingine ambazo humpa kwa sababu ya asichonacho, baada ya kupima mapato ya wazazi na kuona pengo lililopo kati ya uwezo wao na gharama za masomo; hizo nitaziita msaada wa uhitaji. Kuomba za kwanza hakuharibu nafasi ya udahili. Kuomba za pili, kwa mwombaji anayetoka nje ya Marekani, kunaweza kuipunguza katika vyuo vingi, na hapo ndipo baba mdogo alipoipata hofu yake.

Nianze na sifa. Chuo kinachotoa ufadhili wa sifa hakitoi sadaka. Kinafanya kama muuza vitenge wa Mwanjelwa anayempunguzia bei mteja anayemtaka, kwa kuwa anajua kwamba asipofanya hivyo mteja atavuka kwenda kibanda cha jirani. Mwanafunzi mwenye alama zilizo juu ya wastani wa chuo anakiinulia chuo jina, na chuo kinaelewa kwamba mtu wa namna hiyo ameomba na kwingine. Ndiyo maana katika vyuo vingi uamuzi wa udahili hutangulia, kisha kamati ya ufadhili huchagua miongoni mwa waliokwisha kukubaliwa, na anayekosa ufadhili hubaki na nafasi yake. Vipo vyuo vya umma, Chuo Kikuu cha Alabama kikiwa mfano unaojulikana sana, ambavyo huchapisha jedwali la wastani wa alama na matokeo ya SAT (mtihani wanaoufanya waombaji wa vyuo vya Marekani), kiasi kwamba mwombaji anaweza kujisomea mwenyewe atapewa kiasi gani kabla hajatuma fomu. Vyuo vingine hutaka insha za ziada na usaili, na huku vijana wetu hukwama kwenye tarehe zaidi kuliko kwenye uwezo: dirisha la kawaida la udahili hubaki wazi hadi mwanzoni mwa Januari, lakini dirisha la ufadhili mara nyingi hufungwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba. Anayetuma maombi yake wakati wa Krismasi anadhani amewahi, kumbe ufadhili umekwisha kufungwa mwezi mzima nyuma.

Jambo ambalo rafiki yako pengine halijui ni kwamba vyuo vyenye majina makubwa kuliko vyote havitoi kabisa ufadhili wa sifa. Vyuo vyote vinane vya Ivy League, yaani kundi la vyuo binafsi maarufu vya Marekani, pamoja na chuo cha teknolojia cha MIT, hutoa msaada kwa kigezo cha uhitaji peke yake, kwa hoja kwamba kila anayeingia pale tayari ana sifa. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba alipata ufadhili wa ufaulu wa Harvard, ama amechanganya maneno ama anakuongopea.

Sasa uhitaji. Kuna kundi dogo la vyuo ambavyo humchagua mwombaji bila kuangalia mfuko wake hata kama ni raia wa nchi nyingine, kisha humfidia pengo lote: Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst vimekuwa katika kundi hilo kwa muda mrefu, na Dartmouth na Bowdoin vilitangaza kujiunga nalo mwaka 2022. Katika vyuo hivyo kuandika "ndiyo" hakukupunguzii chochote. Shida yake ni nyingine, nayo ni kwamba Harvard, kwa mfano, imekuwa ikikubali chini ya asilimia 5 ya waombaji, kwa hiyo mtu anayeomba huko peke yake anacheza bahati nasibu, hata akiwa na pointi 3, ambazo ndizo bora kuliko zote.

Vyuo vingine vingi huangalia mfuko wa mgeni, na ni vizuri uelewe namna kunavyofanyika, kwa sababu hofu ya mitaani hulikuza jambo hili kuliko lilivyo. Kamati haichukui fomu zote zenye "ndiyo" na kuzitupa. Huanza na waombaji inaowataka kwa dhati, na hao huwagawia fungu lililotengwa kwa ajili ya wageni. Fungu likianza kuisha wakati nafasi bado zipo, ndipo wale waliobaki ukingoni hulinganishwa, na kati ya wawili wanaofanana, yule anayehitaji dola 15,000 humshinda yule anayehitaji dola 70,000. Maana yake ni kwamba uhitaji humwumiza zaidi mwombaji ambaye kwa chuo hicho ni wa kawaida. Yule ambaye chuo kinamtamani humwumiza kidogo, au haumwumizi kabisa. Ukichagua chuo ambacho wewe utakuwa miongoni mwa wanafunzi wake bora, utakuwa umelijibu swali la baba mdogo kwa njia ambayo uongo hauwezi kulijibu.

Na kuhusu huo uongo, nieleze nilichokiona kwa macho yangu. Mwaka mmoja, nikiwa bado nafundisha, kijana wetu aliandika "hapana" kwa ushauri kama huo uliopewa wewe. Mwezi Machi alipokea barua ya kukubaliwa, nyumbani wakachinja mbuzi, na picha yake ikabandikwa ofisini kwa mkuu wa shule. Baada ya wiki mbili chuo kikamtaka taarifa ya benki ya mlezi wake inayoonyesha kwamba fedha za mwaka wa kwanza zipo, kwa sababu bila hiyo hakingeweza kumwandikia hati ya I-20, na bila I-20 hakuna kuomba viza ya mwanafunzi. Aliandika kuomba msaada. Akajibiwa kwa upole kwamba mgeni ambaye hakuomba msaada wakati wa udahili hawezi kuuomba baadaye, si mwaka wa kwanza wala mwaka wa nne. Utaratibu huo ni wa vyuo vingi, na umeandikwa wazi kwenye kurasa zao. Ile picha iliendelea kukaa pale ofisini hadi jua la dirishani likaipausha.

Gharama yenyewe uijue: katika vyuo vingi binafsi vya kule, ada, malazi na chakula kwa mwaka mmoja vimepita dola 80,000, yaani karibu shilingi milioni 200. Fedha hiyo huwezi "kuitafuta ukiwa ndani". Mwenye viza ya mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi chuoni kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo, na kipato cha saa hizo humsaidia kununua vitabu na koti la baridi, si kulipa ada.

Kwa hiyo andika "ndiyo", lakini kabla ya kuandika fanya kazi moja ambayo waombaji wengi hawaifanyi. Vyuo vingi vya Marekani hutoa kila mwaka hati iitwayo Common Data Set, ambayo unaipata kwa kuandika jina la chuo pamoja na maneno hayo kwenye intaneti. Nenda sehemu H, penye kipengele kinachohusu wanafunzi wa kigeni, usome ni wangapi waliopewa fedha na wastani wake ni dola ngapi. Tuseme chuo kimoja kina wageni 300 na kati yao 20 ndio waliopewa chochote, na kingine kina wageni 150 ambao 130 kati yao walipewa wastani wa dola 55,000. Cha kwanza kinatafuta wageni wa kulipa. Cha pili kinatafuta wageni wa kuwafundisha, na hata kama jina lake hujawahi kulisikia redioni, huko ndiko ada yako ya maombi inakostahili kwenda. Sehemu C ya hati hiyohiyo inaonyesha alama za SAT za wanafunzi wapya walioanza masomo, na hapo utapima kama wewe ni wa juu, wa kati au wa ukingoni.

Usiviache vyuo vyenye utaratibu wa pekee. Berea, kilichopo Kentucky, hakimtozi ada mwanafunzi yeyote, na kila mmoja hufanya kazi chuoni angalau saa 10 kwa wiki. Wageni wanaochukuliwa ni wachache, na uhitaji pale ni sharti la kuingia. Nje ya Marekani upo mpango wa Mastercard Foundation ulioanza mwaka 2012, unaofanya kazi na vyuo kadhaa, kikiwemo Ashesi cha Ghana, na ambao unataka sifa na uhitaji kwa pamoja. Huko mtu anayeficha umaskini wake anakuwa amejitoa mwenyewe kwenye orodha. Ninakusihi uweke vyuo vya namna hiyo kwenye maombi yako, kwa kuwa kanuni za viza za Marekani zimekuwa zikibadilishwa kwa nchi nyingi, yetu ikiwamo, na lazima uzisome zilivyo siku unayoomba kabla hujalipa hata shilingi moja.

Suala la SAT ulipange mapema. MIT ilirudisha sharti la mtihani huo mwaka 2022, Harvard ikatangaza hivyo mwaka 2024, na ufadhili wa sifa unaotolewa kwa jedwali mara nyingi huutegemea. Kama itakulazimu kuufanyia Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 800 kutoka hapo Uyole. Safiri siku mbili kabla, ili usiingie kwenye chumba cha mtihani na usingizi wa basi machoni.

SWALI: Kamwene Mwalimu. Mimi na marehemu mume wangu tulipanda paina ekari tatu mwaka ambao mwanetu alianza darasa la kwanza, tukasema hiyo ndiyo ada yake ya chuo. Miti bado haijakomaa. Mimi ninaishi kwa viazi na kwa kuuza chai asubuhi karibu na stendi. Sasa anaomba vyuo vya nje, na fomu inataka mapato na mali zetu kwa dola. Nikiiandika miti wataniona tajiri, nisipoiandika nitakuwa nimedanganya. Na huo ufadhili wa ufaulu nao utaiangalia miti yangu? (Mama wa Mafinga)

JIBU: Kamwene mama, na pole kwa kuondokewa na mwenzio. Nijibu la mwisho kwanza: ufadhili wa sifa hauiangalii miti yako, wala viazi, wala kibanda cha chai. Kijana akipewa kwa alama zake amepewa, hata kama mama yake angekuwa na msitu mkubwa kama wa Sao Hill. Fomu uliyonayo, ambayo bila shaka ni CSS Profile au inayofanana nayo, ni ya msaada wa uhitaji. Ina ada yake, na baadhi ya vyuo, vikiandikiwa, humsamehe mwombaji ada hiyo au humpa fomu mbadala isiyolipiwa, kwa hiyo mwambie kijana aandike kuuliza kabla ya kulipa.

Miti iandike. Fomu hizo hutenganisha mapato, yaani fedha iliyoingia mkononi mwaka huu, na mali, yaani kitu ambacho kingeweza kuuzwa. Paina yako ni mali. Andika ekari tatu, umri wa miti, na kiasi ambacho mnunuzi wa mbao angekupa leo ikiwa imesimama, si kile unachotarajia itakapokomaa. Kisha eleza kwamba haijafikia kuvunwa na kwamba wadogo zake nao wanaitegemea, kama ndivyo. Ekari tatu za paina changa hazimfanyi mtu tajiri mbele ya gharama ya dola 80,000 kwa mwaka, na afisa anayesoma fomu analijua hilo kuliko unavyodhani.

Kazi kubwa iko kwenye viazi. Chukua daftari, ukae na kijana jioni moja, na muandike msimu mmoja mmoja. Tuseme umeuza magunia 40 kwa shilingi 60,000 kila moja: zimeingia shilingi milioni 2.4. Toa mbegu, mbolea, dawa ya ukungu, vibarua na usafiri, tuseme shilingi milioni 1.1. Kilichobaki ni shilingi milioni 1.3, ambazo ni kama dola 500. Hesabu fedha uliyopokea mkononi, wala usihesabu kwa kilo na bei ya sokoni, kwa sababu wewe na mimi tunajua kwamba mnunuzi hujaza lumbesa, yaani gunia lililozidi kipimo, na kulipa bei ya gunia la kawaida; ukimpigia mzungu hesabu ya kilo utajikuta umeandika fedha ambayo hukuwahi kuiona. Lumbesa yenyewe mweleze kwa mistari miwili kwenye nafasi ya maelezo iliyo mwishoni mwa fomu. Kule ofisini hakuna aliyewahi kulikalia gunia ili lifungwe.

Chai nayo ihesabu kwa faida ya wiki mara wiki unazofungua. Jambo moja ninalokuomba usilifanye ni kujaza sifuri kila mahali ukidhani unaonyesha umaskini. Sifuri humtia msomaji shaka, kwa kuwa atajiuliza hao watoto wanakula nini. Mwanamke anayeandika kwamba anaishi kwa dola 1,400 kwa mwaka na kuonyesha zinatoka wapi anaaminiwa. Anayeandika kwamba haishi kwa chochote huandikiwa barua ya maswali. Ambatisha barua ya mtendaji wa mtaa na cheti cha kifo cha mume wako, na nakala zote ubaki nazo, maana kila mwaka watauliza tena.

Neno la mwisho kwako, mama: ikiwa kanisa au shirika lolote litamchangia kijana fedha, lazima chuo kiarifiwe, na vyuo vingi hupunguza msaada wao kwa kiasi hichohicho. Kabla hamjafanya harambee, mwulize afisa wa msaada kama fedha ya nje itapunguza kwanza saa za kazi na mkopo wa mwanafunzi, au itakata moja kwa moja ile waliyompa bure. Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kama harambee ina faida kwa mwanao au kwa chuo.

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Nimeomba udahili Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya na Mkwawa hapa Iringa, na nataka pia kuomba mkopo wa bodi na Samia Scholarship. Wenzangu wananitisha kwamba chuo kikiona unategemea bumu la mkopo kinakuruka. Ni kweli? (Kijana wa Kihesa, Iringa)

JIBU: Si kweli hata kidogo. Chuo hapa kwetu hupanga waombaji kwa masomo na alama zinazotakiwa na programu husika, kwa vigezo vinavyosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, na ombi la mkopo liko kwenye mfumo mwingine kabisa wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Anayekudahili haoni kwamba umeomba mkopo.

Kinachowaponza watu ni kinyume cha unachokiogopa. Kwetu mkopo hauathiri udahili, ila udahili unauathiri mkopo, kwa kuwa Bodi hupanga fedha kwa majina ya waliothibitika kudahiliwa. Ukikubaliwa vyuo viwili na usithibitishe kimoja kwa namba ya siri unayotumiwa kwenye simu, unaning'inia hewani; vyuo vyote viwili vinakuona nusunusu, na Bodi haina pa kukupangia. Wengi hudhani kwamba kukaa na nafasi mbili ni akiba. Thibitisha mapema, na laini ya simu uliyojazia fomu usiibadilishe wala usimwazime mtu. Hakikisha pia kwamba jina lako kwenye cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, ni lilelile lililo kwenye cheti cha kidato cha nne, herufi kwa herufi.

Samia Scholarship, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/2023 na ambayo inasimamiwa na Bodi hiyohiyo, ni ufadhili wa sifa hasa: huwalenga waliofanya vizuri zaidi kidato cha sita katika tahasusi za sayansi na wanaodahiliwa katika programu za sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati na tiba, na hairejeshwi kama mkopo. Kwa hiyo chaguo lako la programu lina uzito. Mwenye alama za juu za PCM anayechagua programu iliyo nje ya orodha hiyo amejiondoa mwenyewe. Wala usiache kujaza ombi la mkopo kwa kutegemea ufadhili peke yake, kwa sababu dirisha la mkopo likifungwa halikungoji uone kama jina lako limetoka kwingine.

SWALI: Kuna wakala amenipigia simu akisema nimechaguliwa kwa ufadhili wa asilimia 100 katika chuo cha nje, ila nitume shilingi 450,000 za kuharakisha kabla ya Ijumaa. Sikumbuki kama niliomba. Nifanyeje? (Msomaji wa Makambako, Njombe)

JIBU: Usitume. Ufadhili hauwezi kumfuata mtu ambaye hakuuomba, na hakuna kamati ya ufadhili inayolipwa kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Ukihitaji wakala, Tume ya Vyuo Vikuu ina orodha ya waliosajiliwa, na ni Tume hiyohiyo inayotoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa anayekwenda kusoma nje. Ushauri kuhusu vyuo vya Marekani hutolewa bure na EducationUSA kupitia ubalozi wao Dar es Salaam, hata kwa barua pepe.

SWALI: Mwalimu mwenzangu, mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya sekondari huku Tukuyu. Mwaka huu wanafunzi kumi na mmoja wameniomba barua za kuwapendekeza kwa ajili ya udahili na ufadhili. Je, barua moja inatosha kwa yote mawili? Na je, ni kweli kwamba kuna ufadhili ambao shule ndiyo inayoteua? (Mwalimu, Rungwe)

JIBU: Barua moja kwa udahili na ufadhili wa mwanafunzi yuleyule inatosha mara nyingi, lakini barua moja kwa wanafunzi kumi na mmoja, jina likibadilishwa tu, haimsaidii hata mmoja wao. Najua ulivyo na vipindi, na najua pia tabia yetu ya kuandika kwamba mwanafunzi "ana nidhamu na bidii". Nimezisoma barua za aina hiyo kwa miaka, nami mwenyewe nimeziandika. Msomaji aliyeko mbali hazitofautishi. Mwandikie kwamba binti huyu ndiye aliyewakusanya wenzake wa kidato cha pili kila Jumamosi akawafundisha logarithimu chini ya mti kwa kuwa darasa lilikuwa linapigwa plasta, na kwamba sita kati yao waliopata sifuri mwezi Machi walivuka wastani Juni. Tukio moja la namna hiyo linabeba barua nzima. Kama hakuna unachokikumbuka kuhusu mwanafunzi, ni afadhali umwelekeze kwa mwalimu mwingine aliyemfundisha.

Taja pia mahali alipo kati ya wenzake, mathalani wa tatu kati ya wanafunzi 84 wa tahasusi yake, kwa sababu vyuo vya nje havijui mizani ya shule zetu, na cheti cha Baraza la Mitihani kinaonyesha herufi tu. Eleza kwamba mtihani wa mwisho hufanyika Mei na matokeo hutoka Julai. Bila maelezo hayo, mwanafunzi anayeomba Desemba akiwa bado darasani huonekana kama amekosa matokeo.

Kuhusu uteuzi, ni kweli, na shule zetu nyingi zinaupoteza kwa kutoufahamu. Mfano ulio wazi ni Lester B. Pearson wa Chuo Kikuu cha Toronto nchini Kanada, ambao hulipa ada, vitabu na malazi kwa miaka minne, na ambao wapatao 37 huuchukua kila mwaka kutoka duniani kote. Mwanafunzi hawezi kujiombea mwenyewe bila kuteuliwa, na kila shule huteua mmoja tu. Humo ndimo udahili na ufadhili vinapofungwa kamba moja: aliyeteuliwa ni lazima pia aombe udahili wa chuo hicho kwa fomu yake, na asipoomba, uteuzi unakufa. Uteuzi hufanyika miezi ya mwisho wa mwaka, wakati ambao ninyi mmezama kwenye mtihani wa kidato cha nne, kwa hiyo kaeni kikao cha walimu mapema, mchague kwa vigezo ambavyo mnaweza kuvitaja mbele ya wazazi, na mwandike muhtasari. Katika wilaya moja ninayoifahamu, nafasi ya shule ilipotea kwa sababu walimu wawili walikuwa na watoto wao kwenye orodha na kila mmoja akamsubiri mwenzake aondoe jina.

Barua zitume kwa barua pepe ya shule, wala si kwa anwani binafsi ya mwalimu, kama shule inayo. Na pale ambapo chuo kinataka nakala yenye muhuri, muhuri upigwe kando ya sahihi. Mwezi uliopita niliombwa nitazame barua moja nzuri sana, iliyoandikwa kwa moyo, ambayo muhuri wa zambarau ulikuwa umekaa sawasawa juu ya jina la mwalimu na namba yake ya simu.